Kumpima Mtoto Mdogo: Kwa Faida ya Nani?

Kuna desturi iliyoingia katika shule nyingi za watoto wadogo, na sasa imezoeleka kiasi kwamba ni wachache wanaoihoji. Mtoto wa miaka mitano hufanya mtihani mwishoni mwa muhula. Karatasi husahihishwa, majina hupangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na mzazi hupelekewa ripoti inayomweleza kwamba mwanawe ameshika nafasi ya 41 kati ya watoto 45. Mzazi hufurahi au hukasirika kulingana na namba hiyo, na mtoto hununuliwa soda au huchapwa. Kisha muhula mpya hufunguliwa, na mwalimu huendelea na azimio lake la kazi pale pale alipokuwa amekusudia kuendelea hata kabla mtihani haujatungwa.

Ni hilo la mwisho ninalotaka kulijadili katika insha hii. Wengi wameilaumu mitihani ya chekechea kwa sababu inawatisha watoto, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini liko kosa jingine lisilosemwa sana, nalo ni kwamba mitihani hiyo haimfundishi mwalimu kitu. Alikuwa na darasa mbele yake, akalipima, akapata namba, na namba zile hazikumweleza aanzie wapi Jumatatu. Kwa maoni yangu, kipimo cha mtoto mdogo hupata thamani yake kutokana na somo linalokifuata. Ikiwa somo la kesho lingefundishwa vile vile hata kama kipimo kisingefanyika, basi muda wa mtoto umepotea, na wa mwalimu pia.

Wahenga walisema kwamba ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Mnadani ng'ombe hupimwa ili ijulikane bei yake, na aliyekonda hapana anayemlisha pale. Fundi cherehani naye hupima, lakini kwa nia nyingine kabisa. Anapozungusha utepe kifuani na kiunoni mwa mteja, hatangazi nani mnene na nani mwembamba. Huandika vipimo vyake katika daftari ili ajue akate kitambaa wapi. Shule zetu za watoto wadogo zimechukua kipimo cha mnadani, ilhali zilihitaji cha fundi.

Ajabu ni kwamba hata kipimo kilichokuja kujulikana kuliko vyote kwa kuwapanga watoto kilianza kikiwa cha fundi. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuangalia namna ya kuwahudumia watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida, na mwaka 1905 Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon wakatoa kipimo chao cha kwanza mjini Paris. Kusudi lilikuwa kuwatambua watoto waliohitaji mafunzo ya namna nyingine, na Binet mwenyewe aliamini kuwa akili ya mtoto yaweza kukuzwa kwa mafunzo yanayofaa. Kipimo hicho kilipovuka bahari na kutolewa upya huko Marekani na Lewis Terman mwaka 1916, kiligeuzwa kuwa chombo cha kuwapanga watu kwa namba na kuamua nani ana kichwa na nani hana. Tunajifunza hapo kwamba chombo kimoja chaweza kufanya kazi mbili zinazopingana, na kwamba yatupasa kuuliza kila mara kinatumika kwa faida ya nani.

Upimaji ninaoutetea hauna siku yake maalumu wala karatasi yake. Walimu huuita upimaji usio rasmi. Mwalimu humtazama mtoto akicheza, akihesabu vizibo vya soda, akichora mchangani, akimsimulia mwenzake habari za nyumbani. Humwuliza swali moja au mawili, huandika mstari mmoja katika daftari, na jioni anapokaa kuandika andalio la somo, mstari ule humwonyesha njia. Likielezwa hivi, jambo hili laonekana jepesi sana, na pengine ndiyo sababu halithaminiwi. Kwa hiyo afadhali tutazame kazi yenyewe.

Chukua mfano wa hesabu. Mwalimu amechora maembe saba ubaoni na kuwataka watoto waandike ni mangapi. Watoto watatu wamekosa, na katika karatasi wote watatu wamepata sifuri iliyo sawa. Sasa mwalimu akae nao mkekani, kila mmoja kwa dakika mbili tatu, akiwa na vizibo saba. Wa kwanza anataja namba kwa mfuatano ulio sahihi, lakini kidole hakiendi pamoja na mdomo: kizibo kimoja anakiruka, kingine anakihesabu mara mbili. Wa pili anahesabu kuanzia moja hadi saba bila kosa, ila akiulizwa, “Kwa hiyo ni vingapi?” anaanza kuhesabu upya. Huyo hajatambua kuwa namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo idadi ya vyote. Wa tatu anajibu papo hapo kwamba ni saba. Yeye shida yake ni kuandika. Hajui tarakimu hiyo inaelekea upande gani.

Sifuri tatu zilizokuwa sawa sasa zimekuwa masomo matatu. Wa kwanza afundishwe kukisogeza kila kizibo anapokitaja, akitoe upande huu na kukiweka upande ule, ili mkono na mdomo vifuatane. Wa pili atumwe alete vijiti vya kuwatosha watoto wanne, kisha watano, mpaka aone kwamba namba hueleza kundi zima. Wa tatu apewe chaki, au aandike kwa kidole mchangani. Wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel, katika kazi yao ya mwaka 1978 juu ya namna watoto wadogo wanavyoelewa namba, walizitenganisha kanuni hizi moja moja: kufuata mpangilio wa namba, kukipa kila kitu namba yake moja, na kutambua kuwa namba ya mwisho ndiyo jumla. Mwalimu aliye mkekani huuona mgawanyo huo kwa macho yake, hata kama hajawahi kuyasikia majina ya wataalamu hao.

Tena yako makosa ambayo ni dalili ya akili kufanya kazi. Mtoto anayehesabu na kusema “ishirini na nane, ishirini na tisa, ishirini na kumi” atachekwa na wenziwe na kukosolewa na mwalimu mwenye haraka. Lakini mtazame vizuri. Hakuna mtu mzima aliyemfundisha kusema hivyo. Ameutambua mwenyewe utaratibu wa namba za Kiswahili, kwamba “kumi na moja” na “kumi na mbili” zimejengwa kwa kuunganisha, naye anaendelea kujenga. Kilichompungukia ni neno “thelathini”, ambalo halitokani na “tatu” na kwa hiyo hawezi kulibuni. Hana budi kuambiwa. Mwenzake anayetaja namba hadi hamsini kama wimbo, lakini akianzishwa katikati anakwama, huenda akapata alama nyingi zaidi ilhali anaelewa kidogo zaidi. Mtihani humtuza yule anayekariri, na yule aliyefikiri huambiwa amekosa.

Katika habari ya kusoma, mtu aliyeifanya kazi hii kwa subira kubwa ni Marie Clay wa New Zealand, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2007. Katika miaka ya 1960 aliwafuatilia watoto 100 wa Auckland katika mwaka wao wa kwanza wa shule, akiwatazama wiki hata wiki, akiandika walichokifanya walipokuwa wakisoma. Baadaye alitunga vijitabu viwili vidogo, kimoja mwaka 1972 na kingine mwaka 1979, ambavyo baadhi ya kurasa zake zina picha iliyogeuzwa juu chini au mistari iliyopinduliwa. Mwalimu humsomea mtoto kitabu hicho na kumwuliza aonyeshe tuanzie wapi, tuelekee upande gani, na ni kipi kisicho sawa. Mtoto hana habari kwamba anapimwa. Nao ni upimaji wenye manufaa, maana mtoto ambaye hajui kwamba maandishi huanzia kushoto na kwenda kulia hawezi kusaidiwa kwa kukaririshwa “ba, be, bi, bo, bu” mwaka mzima.

Clay pia alieneza njia ya kuandika kumbukumbu mtoto anaposoma kwa sauti. Kila neno lililosomwa sawasawa hutiwa alama ya tiki. Lililokosewa, mwalimu huandika kile mtoto alichosema. Na akijisahihisha mwenyewe, hilo nalo huandikwa. Mwishoni maneno yaliyosomwa sawa huhesabiwa. Kitabu ambacho mtoto amesoma sawa maneno 95 au zaidi katika kila 100 ni chepesi kwake; 90 hadi 94 kinafaa kumfundishia; chini ya 90 ni kigumu. Uzuri wa njia hii ni kwamba humwacha mwalimu na ushahidi wa kosa lenyewe. Asubuhi inayofuata hana haja ya kukisia mtoto alikwama wapi, kwa kuwa ameandika.

Hata hivyo, nina sababu mbili za kutoipokea kazi hii kama ilivyo. Ya kwanza wameisema wengi. Clay aliamini kuwa msomaji hutegemea mambo matatu kwa pamoja: maana ya habari, muundo wa sentensi, na herufi anazoziona. Kwa hiyo mtoto aliyesoma “farasi” mahali palipoandikwa “punda”, kwa kuitazama picha, alihesabiwa kuwa ametumia maana, na walimu wengi waliofuata njia hiyo wakawa wanawahimiza watoto kukisia. Watafiti waliofuatilia mwendo wa macho ya wasomaji walionyesha kwamba msomaji hodari huyatazama karibu maneno yote na kuzitegemea herufi zake. Kukisia kwa picha ni mazoea ya msomaji dhaifu. Kuanzia mwaka 2025 shule za serikali za New Zealand zenyewe zimetakiwa kufundisha kusoma kwa kufuata utaratibu wa sauti na herufi zake.

Kwangu, funzo la kisa hicho ni kubwa kuliko ubishi wenyewe. Huyu alikuwa mtazamaji makini kuliko wengi wetu, naye aliandika kwa uaminifu watoto walichosema. Lakini jicho la mwalimu huona kile ambacho nadharia imelizoeza kukiona. Kwa hiyo haitoshi kuwaambia walimu, “Watazameni watoto.” Lazima wajue pia nini hutangulia nini katika kujifunza, la sivyo watatazama mchana kutwa na kuandika mambo yasiyo na uzito.

Sababu ya pili inatuhusu sisi zaidi, nayo ni lugha. Kipimo cha kuhesabu maneno kilitungwa kwa ajili ya Kiingereza, ambacho maneno yake ni mafupi na tahajia yake ni ya vurugu. Kiswahili ni kinyume chake. Herufi “a” ni “a” popote uikutapo, na mtoto aliyezimudu silabi aweza kutamka karibu neno lolote. Lakini neno letu moja hubeba mzigo wa sentensi nzima. Tazama neno “hawakutuambia”. Lina silabi saba, na Mwingereza angehitaji maneno matano kuyasema hayo. Mtoto akisoma “hawatatuambia”, amekosa silabi moja tu katika saba, na katika hesabu ya Clay ni neno moja tu lililokosewa. Lakini jambo lililopita limegeuka kuwa jambo lijalo. Na mwenzake akishindwa kabisa hata kuanza neno hilo, naye huhesabiwa neno moja. Mwalimu wa Kiswahili akizichukua zile 90 na 95 kama zilivyo, atakuwa anapima vitambaa vyetu kwa utepe wa watu wengine.

Kuna hatari nyingine inayotokana na urahisi wa tahajia yetu. Mtoto aweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kosa na asielewe hata mstari mmoja. Mzazi akimsikia hufurahi, na mwalimu huandika kwamba anajua kusoma. Hapo ndipo sikio linapohitajika. Mpe mtoto sentensi mbili: “Juma amevuka barabara” na “Juma anaijua kazi yake barabara.” Herufi ni zile zile. Katika ya kwanza mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili. Katika ya pili unarudi nyuma silabi moja zaidi. Mtoto anayezitamka zote mbili sawa, kwa mtindo wa ba-ra-ba-ra, bado anasoma silabi. Anayebadili sauti bila kuambiwa amekwisha kuelewa. Kipimo hicho huchukua nusu dakika, hakihitaji karatasi, na hakina tafsiri katika kitabu cha mtaalamu yeyote wa Kiingereza.

Vile vile mwalimu hana budi kutofautisha kosa la kusoma na desturi ya ulimi. Mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao haitenganishi “r” na “l” atasoma “kura” palipoandikwa “kula”, na pengine anajua vizuri sana kwamba habari ni ya chakula. Clay mwenyewe aliagiza kuwa tofauti za matamshi zisihesabiwe kuwa makosa. Lakini yule anayesoma “kitabu yangu” palipoandikwa “kitabu changu” ni mwingine. Huyo amelisoma neno la kwanza, kisha akalitia la pili kutoka katika mazungumzo ya mtaani bila kuzitazama herufi zake. Wa kwanza ahitaji mazoezi ya kusikiliza na kutamka, na wa pili afundishwe kuzifuata herufi hadi mwisho wa neno. Anayewatia wote wawili alama nyekundu na kuwapeleka mbele pamoja hakumsaidia hata mmoja.

Sasa niseme juu ya dawa iliyoletwa mahali pa mtihani, kwa maana nayo ina ugonjwa wake. Katika miaka ya karibuni mitaala yetu imeanza kuhimiza upimaji wa kila siku. Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kutumika nchi nzima katika madarasa ya chini mwaka 2019, uliacha kuwapanga watoto kwa nafasi na badala yake ukawaeleza kuwa wanazidisha matarajio, wanayafikia, wanayakaribia, au wako mbali nayo. Nia ni njema. Lakini mwalimu aliyeandika kuwa mtoto “anakaribia matarajio” amesema nini kuhusu somo la kesho? Anakaribia kwa kuwa anaruka vizibo, au kwa kuwa hajui tarakimu? Neno limekuwa la upole zaidi kuliko namba 41, na kimya chake ni kile kile.

Fauka ya hayo kuna wingi wa kazi. Darasa likiwa na watoto 70, na karatasi ya kuwapima ikiwa na vipengele 40, hizo ni alama 2,800 za kutiwa kwa mkono. Hakuna mwanadamu atakayetazama mara 2,800. Atakaa ofisini siku moja kabla ya mkaguzi kufika na kuzitia zote kwa kukumbuka, au kwa kubuni. Tunaufahamu ugonjwa huu tangu zamani katika maandalio ya masomo. Mwishoni mwa andalio kuna mahali pa tathmini, na mahali hapo, kwa miaka mingi, pameandikwa maneno “Somo limeeleweka vizuri,” mara nyingine kabla hata somo halijafundishwa. Mwalimu huyo simlaumu sana. Aliulizwa swali ambalo hakuna aliyekusudia kulitumia jibu lake.

Mpango wa Uwezo, ulioanza mwaka 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda kwa kufuata mfano wa India wa mwaka 2005, unatuonyesha uzuri na upungufu wa jambo hili kwa pamoja. Watu wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba, wakampa mtoto karatasi moja, wakamsikiliza akisoma: kwanza sauti, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Kila aliyetazama alielewa. Taifa lilishtuka kusikia kwamba watoto wengi wa madarasa ya juu hawakuiweza hadithi ile. Lakini habari ilipofika magazetini na bungeni, mtoto aliyesomeshwa karatasi ile alirudi darasani na kukuta somo lile lile ubaoni. Wahindi waliokianzisha kipimo hicho, wa shirika la Pratham, walipiga hatua moja zaidi: waliwakusanya watoto kwa sehemu ya siku kufuatana na wanachoweza kusoma badala ya darasa walilomo, wakawafundisha kuanzia hapo, kisha wakawapima tena na kuwahamisha kundi. Karatasi ilikuwa ile ile moja. Safari hii ilitumiwa na fundi.

Msomaji aliyewahi kufundisha atakuwa na hoja zake, nami nazijua. Atasema kwanza kwamba haya yawezekana kwenye darasa la watoto 20, si katika madarasa yetu, hasa baada ya elimu bila malipo kuanza Tanzania mwaka 2016 na watoto kufurika. Hoja hiyo ni nzito. Lakini hesabu yake yawezekana. Mwalimu mwenye watoto 80 akiwatazama wanne tu kwa siku, na kuandika mstari mmoja kwa kila mmoja, katika siku 20 za masomo, yaani karibu mwezi mmoja, atakuwa amewafikia wote. Hiyo ni mistari minne kwa siku. Aliyezoea kuandika alama 2,800 zisizosomwa na mtu ataona kuwa amepunguziwa kazi.

Hoja ya pili ni kwamba jicho la mwalimu lina upendeleo. Ni kweli. Mtoto mwenye sare safi na Kiswahili cha ufasaha huonekana mwerevu kabla hajafungua kinywa, na yule wa pembeni mwenye kamasi huhesabiwa mzito. Dawa yake ni kuandika kile kilichoonekana na kuacha kuandika sifa. “Alihesabu vizibo tisa, akaruka kimoja” ni neno ambalo mwalimu mwingine aweza kulihakikisha. “Mvivu”, “mzito”, “hasikii” ni hukumu, na hukumu haimwambii mtu afanye nini kesho.

Kuhusu neno hilo la mwisho nitasimulia kisa kimoja. Nilimjua mtoto ambaye katika ripoti mbili mfululizo aliandikwa kuwa hasikii maagizo. Wazazi walilielewa neno hilo kama tunavyolielewa sote, kwamba ni mkaidi, na alilipwa kwa fimbo. Mwalimu mwingine aliposhika darasa hilo, aliandika katika daftari lake jambo dogo: kwamba mtoto huyu anapoitwa hugeuza kichwa upande mmoja, na kwamba akiwa mchezoni hufuata wenzake kwa kuwatazama. Alimhamisha akae mbele, upande wa sikio alilokuwa akilielekeza, na akamshauri mama yake ampeleke hospitali. Sikio moja lilikuwa limejaa usaha, na inaonekana kwa muda mrefu. Ripoti zile mbili zilikuwa zimesema kweli tupu. Hakusikia. Tofauti ya walimu hao wawili ilikuwa kwamba mmoja aliandika ili amweleze mzazi mtoto ni wa namna gani, na mwingine aliandika ili ajue la kufanya asubuhi.

Hoja ya tatu hutoka kwa wazazi, nayo ndiyo ngumu kuliko zote, hasa katika shule za kulipia. Mzazi ametoa ada na anataka kujua mwanawe ni wa ngapi. Mwenye shule anaogopa kwamba asipompa namba, mzazi atakwenda kwa jirani atakayempa. Sidhani kwamba mzazi huyo ni mjinga. Anauliza swali la haki, kama mwanawe anajifunza, na namba ndiyo jibu pekee alilowahi kupewa. Jaribuni kumpa jingine. Mwambieni: “Mwezi wa pili mwanao alikuwa anahesabu mpaka saba na kuruka vitu; sasa anahesabu mpaka ishirini bila kuruka, ila bado hajajua kuandika tarakimu zaidi ya tano. Nyumbani mpe kazi ya kuhesabu sahani za chakula.” Sijaona mzazi aliyeambiwa hivyo akaondoka bila kuridhika. Na zile sahani atahesabishwa kweli jioni hiyo, jambo ambalo nafasi ya 41 haiwezi kulifanya.

Sisemi kwamba mitihani yote ifutwe. Wakati wake upo, mtoto akisha kukua na nchi ikihitaji kujua nani aende wapi. Wala sidai kwamba daftari la mwalimu litaondoa upungufu wa madawati, vitabu na walimu. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Kabla ya kumpima mtoto wa miaka mitano, mwalimu, mwenye shule na wizara wajiulize ni uamuzi gani utakaobadilika kutokana na jibu. Wakikosa uamuzi hata mmoja, wamwache mtoto acheze. Wakiupata, basi kwa kawaida wataona kwamba karatasi ya mtihani haihitajiki. Mkeka, vizibo saba na dakika tatu za kumsikiliza zinatosha.